Mchanga Mpya Bandani

Siku mbili kabla ya kila ujio wa Jonelle, Verlene Stribling alifagia banda la kuku.

Hakuna aliyemwagiza. Ila mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kufagia. Uwanja wa mbele wa mama yake haukuwa na unyasi hata mmoja. Ulikuwa udongo mtupu, umepigwa ufagio wa vijiti kila Jumamosi mpaka ukabaki na mistari kama nywele zilizotoka kuchanwa sasa hivi. Mgeni akikanyaga pale aliziona nyayo zake mwenyewe nyuma yake, akajua kwamba alingojewa. Ndivyo Verlene alivyolelewa. Na kwa kuwa Jonelle akifika haishii barazani kama wageni wengine, bali hupitiliza mpaka bandani na vichupa vyake, basi banda nalo lilikuwa sebule.

Oktoba hiyo mvua ilikuwa imekataa kabisa. Pamba ilishavunwa, mashamba yamebaki vijiti, na gari likipita kwenye barabara ya kokoto vumbi lilining'inia hewani kama limesahau kushuka. Verlene aliwatoa nje kuku wake kumi na wanne, akachukua koleo, akaanza kukwangua sakafu. Chini ya mchanga wa mara iliyopita, udongo ulikuwa mkavu kama unga, mweusi kwa mavi ya miaka mingi, maana banda lile lilikuwepo tangu yeye akiwa msichana. Alipoanza kufagia, vumbi lilipanda mpaka kwenye mabati na kujaza mwanga wote uliokuwa ukiingia kwenye nyufa za mbao.

Akakohoa. Akashika mlango, akakohoa tena mpaka machozi yakamtoka, akangoja kifua kitulie, akaendelea.

"Nyamaza, Odessa," alimwambia kuku mweupe mnene aliyekuwa akilalamika nje. "Laiti ungetaga kama unavyosema."

Kuku wote wale walikuwa na majina ya wahudumu wa mlangoni kanisani: Odessa, Lutricia, Ernestine, na wenzao. Verlene naye alikuwa mhudumu wa mlangoni zamani, mwenye glavu nyeupe na sare iliyopigwa pasi, anayewaonyesha watu pa kukaa na kuwapepea wanawake waliozidiwa na Roho. Kisha mtu wa duka la dawa akamwambia binamu yake, binamu akamwambia Lutricia, na kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Verlene ana virusi vya Ukimwi. Hakuna aliyemfukuza. Walimkumbatia kwa upande wa bega, wakamwombea kwa jina, kwa sauti. Mwezi huohuo shemasi mmoja akafariki, na kama ilivyo ada, baada ya mazishi kila mwanamke alileta chakula. Verlene alileta pai ya viazi vitamu. Pai zilikuwa nne mezani. Tatu ziliisha mpaka sahani zikalambwa. Yake ilibaki nzima, mviringo kamili, hakuna kisu kilichoigusa. Akaifunika, akaenda nayo nyumbani, akawapa kuku. Kuku waliimaliza kwa dakika mbili. Tangu siku ile hakurudi kanisani, na kuku wakaanza kupewa majina.

Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Virusi vyenyewe alikuwa navyo miaka kumi na tisa.

Alipomaliza kufagia, alizoa taka zote kwenye toroli akazimwaga nyuma ya kibanda cha kukaushia nyama, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hapiti. Kisha akateremka kijitoni, akachota mchanga, akausukuma toroli mbili mpaka bandani, akautandaza. Mchanga mweupe, safi, unaonukia maji. Zamani kazi hiyo ilimchukua asubuhi moja. Safari hii ilimchukua siku nzima, na katikati alikaa mara tatu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiusikiliza moyo wake unavyokwenda mbio.

Sasa, Jonelle alikuwa nani? Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye meno yenye mwanya, aliyeajiriwa na watu wa utafiti kutoka mjini. Walikuwa wanatafuta jambo moja: kuvu inayoota kwenye udongo wenye mavi ya kuku na popo katika nchi hizi za kandokando ya mto Mississippi. Mtu mzima wa afya akiivuta kwenye vumbi huenda asijue hata kama ameivuta. Lakini mwenye virusi ambaye kinga yake iko chini, kama Verlene, inaweza kumshika mapafu na kumla taratibu. Walitaka kujua ni mabanda gani yanayo, na ni nani wanaougua na kwa nini. Kila baada ya miezi miwili Jonelle alikuja, akauliza maswali ya fomu, akamtoa damu, akachota udongo.

Siku ya kwanza kabisa alimweleza masharti. "Utafiti huu ni wa watu wanaofuga, Bi Verlene. Ukiacha kufuga, unatoka. Na ukiugua, unahamia kwa daktari, mimi nakuwa sina kazi nawe tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Utakunywa chai?"

Jonelle akanywa chai ya baridi yenye sukari, glasi mbili. Kisha Verlene akamkatia pai. Jonelle akala. Akaomba nyingine. Verlene alisimama kwenye sinki akimpa mgongo, akifungua na kufunga maji bila kuosha chochote.

Kwa hiyo mnaelewa ni kwa nini, Julai ilipoanza kumpa kikohozi, na Agosti Jonelle akasoma kwenye fomu, "Umekohoa zaidi ya wiki moja?", Verlene alijibu, "Hapana."

"Kutokwa na jasho usiku?"

"Ni Agosti, mwanangu. Hata Shetani anatokwa na jasho."

Jonelle akacheka, akaandika hapana.

"Banda unalisafisha mara ngapi?"

"Kila siku, kidogo kidogo."

Huo nao ulikuwa uongo. Lakini mtu hamwambii mgeni kwamba amefagia kwa ajili yake. Unafagia, mgeni anakuta pasafi, unasema "karibu, samahani kwa uchafu." Ndiyo heshima yenyewe. Na lile boksi la barakoa aliloachiwa avae akiwa bandani, Verlene alivaa moja siku moja tu. Gari lilipita, likapunguza mwendo, na mtu ndani yake akachungulia. Alijua yatakayosemwa. Akalitia boksi kwenye droo.

*

Alhamisi Jonelle alikuja saa nne asubuhi, gari lake likivuta vumbi nyuma yake kutoka mbali. Verlene alikuwa barazani tangu saa mbili. Alikuwa amemeza dawa ya kikohozi, na mfukoni alikuwa na pipi za mnanaa saba.

"Bi Verlene! Mbona umekonda hivyo? Unafunga?"

"Nimepata mchumba. Simwambii mtu."

"Mchumba gani anayekukondesha? Mrudishe kwao."

Walicheka wote wawili, na Verlene akakirefusha kicheko chake ili kikohozi kipite humo.

Bandani Jonelle alivaa barakoa na glavu, akachuchumaa, akachota mchanga katika pembe nne na katikati, akaandika namba kwenye vichupa. Odessa alimparura kamba za viatu. "Huyu ndiye yule Odessa wako?" Jonelle aliuliza.

"Ndiye. Hatagi tena. Anahudhuria tu."

"Hata kanisani kwetu tunao wa hivyo."

Waliporudi jikoni, Verlene aliweka pai mezani. Jonelle alimtoa damu kwanza, akabandika plasta, ndipo akavuta sahani. Alikula nusu ya kipande kama mtu mwenye jambo.

"Unajua banda lako linatutesa?" alisema.

"Limefanya nini?"

"Tumepima mabanda mengi upande huu. Ya zamani kama lako yote yana kuvu. Yote. Lako tumelipima mara nne, mara nne hakuna kitu. Ukiuangalia udongo wake ni kama wa ufukweni. Bosi wangu halali kwa sababu yako. Sisi tulifundishwa kwamba kufagia ndiko kunakopandisha vumbi, lakini wewe unafagia kila siku na ndiye salama kuliko wote. Anasema huenda tulikosea. Anataka tuwaambie watu wafagie mara kwa mara, kama wewe."

Verlene alihisi kitu kama fahari kikimpanda.

"Na si yeye tu," Jonelle aliendelea, mdomo umejaa. "Kuna mmoja, wala si mbali na hapa, ana hali kama yako, yuko peke yake kama wewe, na ana banda la bibi yake. Wiki iliyopita kaniuliza, 'Je, na mimi nianze kufagia?' Nikamwambia, 'Ningoje, nitakuletea ji...'"

Akaweka uma chini. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyetia mguu pasipo na ngazi.

"Sijasema kitu," alisema.

"Hujasema kitu," Verlene akakubali.

Saa ya ukutani ilikuwa ikitembea. Nje kuku mmoja alitangaza yai. Verlene alitazama kitambaa cha meza, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka.

Miaka kumi na tisa. Katika miaka yote hiyo alipopita barabara hizi, nyumba baada ya nyumba, kila taa aliyoiona dirishani ilikuwa taa ya watu wazima wa afya. Alikuwa amejihesabu mmoja, na baada ya mmoja hakuna namba. Na sasa kumbe kuna mwanamke. Hakuambiwa kama ni mwanamke, lakini alijua. Ana banda. Labda naye ana majina ya kuku. Labda naye, Jonelle akikaribia, huamka mapema.

"Ana watu wake?" aliuliza.

"Bi Verlene, siwezi."

"Kinga yake ikoje? Iko chini?"

"Siwezi kukwambia. Nitafukuzwa kazi, na nitakuwa nimestahili."

"Na hilo jibu utampelekea lini?"

Jonelle alitazama saa. "Baada ya hapa," alisema.

Verlene alimwona yule mwanamke. Hakuona uso. Aliona mikono tu, na ufagio, na mlango wa banda uliofunguliwa, na vumbi likipanda kwenye mwanga. Alimwona akishika mlango na kungoja kifua kitulie. Halafu akaona mengine: Jonelle akifunga begi lake, gari likiondoka, vumbi likishuka, na meza hii hii na kiti kile kitupu, Alhamisi na Alhamisi na Alhamisi.

Jonelle alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi.

"Chukua vichupa vyako," Verlene alisema. "Na hiyo barakoa. Njoo nyuma."

Walizunguka kibanda cha kukaushia nyama. Lundo la taka lilikuwa limefika kiunoni, jeusi, kavu juu, na manyoya yametokeza humo. Verlene alisimama mbali kidogo.

"Banda langu ni hili," alisema. "Pale ulipokuwa unachota ni mchanga wa kijito."

Jonelle alitazama lundo, akamtazama Verlene, akatazama tena lundo. "Sikuelewi."

"Kila ukitaka kuja, naukwangua udongo wote nauleta huku. Natandaza mchanga. Sifagii kila siku. Nafagia ukiwa unakuja."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

"Bi Verlene! Mara zote nne? Na leo?"

"Na leo."

"Lakini kwa nini?"

Verlene alifikiri jibu refu. Kulikuwa na mama yake ndani ya jibu hilo, na ufagio wa vijiti, na sahani ya pai iliyorudi nzima. Hakuweza kuyapanga.

"Si ulikuwa unakuja," alisema.

Jonelle aliinamisha kichwa. Kwa muda alionekana kama atakayekasirika, na alikuwa na haki. Miezi minane ya kazi ilikuwa imelala pale kwenye taka. Kisha akachomoa barakoa ya pili mfukoni, akaja, akamvalisha Verlene mwenyewe, akizungusha kamba nyuma ya masikio yake polepole kama anavyovalishwa mtoto kofia.

"Na kikohozi kilianza lini?" aliuliza. "Usiniambie hakuna. Umemaliza pipi zote za mnanaa Mississippi nzima."

"Julai."

"Julai," Jonelle alirudia. Akachuchumaa, akachota udongo wa lundo, akaandika namba. "Itabidi tuyafute majibu yako yote. Unajua? Na kesho unaenda kwa daktari. Nitampigia simu mimi mwenyewe. Na kuku..."

"Najua."

"Na mimi..."

"Najua, mwanangu. Ulinieleza siku ya kwanza. Mtu huyo, utamwambia asifagie?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kama hana budi, amwage maji kwanza. Mengi. Mama yangu alimwagia uwanja kabla ya kufagia, kiangazi. Mimi nilikuwa mvivu wa kubeba ndoo."

Jonelle alirudi jikoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa, akavuta sahani yake. Verlene alidhani anataka kuisogeza. Lakini alichukua uma akamaliza kile kipande, kisha akaokota makombo kwa ncha ya kidole, moja moja, mpaka sahani ikang'aa. Alipoondoka alimkumbatia, si kwa upande wa bega, bali kifua kwa kifua, kikohozi na vyote.

*

Kuvu ilikuwepo kwenye lundo, na ilikuwepo kwenye mapafu ya Verlene. Daktari alimwonyesha picha, akamwambia amewahi, lakini kwa nafasi ndogo. Vidonge vilikuwa vikubwa, vya mwaka mzima, na vilimnyima hamu ya kula. Mpwa wake wa kaunti ya jirani alikuja na pikapu akawachukua kuku, akiwa amevaa glavu ambazo Verlene hakuuliza ni kwa ajili ya kuku au kwa ajili yake. Odessa alilalamika njia nzima mpaka kwenye kona, na Verlene alisimama barazani kumsikiliza mpaka sauti ikaisha.

Desemba, Alhamisi ile ambayo ingekuwa ya Jonelle, alioka pai bila kukusudia sana. Alikata kipande kimoja. Kilichobaki hakukuwa hata na kuku wa kumpa. Alikila mwenyewe siku nne.

Uwanja wa mbele alianza kuufagia tena, kama mama yake, akimwaga maji kwanza. Kila Jumamosi ulikuwa na mistari. Kila Jumamosi iliyofuata mistari ilikuwa bado ipo, haijakanyagwa, ila mahali ambapo yeye mwenyewe alipita kwenda kwenye sanduku la barua.

Februari kwenye sanduku lile kulikuwa na bahasha isiyo na jina la mtumaji. Ndani kulikuwa na karatasi moja ya ushauri, iliyochapwa kwa herufi kubwa, kwa watu wote waliowahi kuwemo kwenye utafiti. Usifagie banda kavu. Mpe mtu mwingine kazi hiyo ukiweza. Kama hakuna mtu mwingine, vaa barakoa, na umwage maji kwanza, mengi. Alisoma mstari ule wa mwisho akiwa amesimama uwanjani. Akausoma tena jikoni. Kwanza aliitia karatasi kwenye droo, pamoja na boksi la barakoa. Jioni aliitoa akaibandika kwenye mlango wa friji, mahali ambapo mgeni angeiona.

Machi, akitoka kwa daktari, hakupita barabara kuu. Alishika njia ndefu, ile ya kuzunguka mashamba, na alijiambia ni kwa sababu ya matengenezo ya daraja. Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Alikwenda polepole, madirisha yamefungwa. Nyumba ya kwanza, ya pili, trela lenye mbwa. Kisha nyumba ndogo ya kijani, na ubavuni mwake banda la mbao lililoinama, na mwanamke mnene wa makamo amesimama mlangoni mwake akiwa ameshika mpira wa maji. Alikuwa amevaa barakoa. Ardhi yote miguuni pake ilikuwa nyeusi kwa maji, ikimeremeta, na maji yalikuwa yakitiririka mpaka barabarani.

Verlene alipunguza mwendo. Mguu ulikaa juu ya breki. Alifikiria maneno ya kusema, na kila neno lililomjia lilikuwa na siri ya mtu mwingine ndani yake, na Jonelle hakuwa amesema kitu.

Mwanamke aliinua kichwa. Verlene akainua mkono. Mwanamke akahamishia mpira kwenye mkono wa kushoto, akainua wa kulia.

Kwenye barabara zile kila mtu humpungia kila mtu. Haikuwa na maana yoyote. Verlene aliondoa mguu kwenye breki, akaenda zake, na magurudumu yake yalipokanyaga yale maji barabarani, kwa mara ya kwanza siku hiyo hayakupandisha vumbi.